Gari la Kuwinga Ndege, Bugarama

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimemwachisha kazi Uwizeye. Mama wa watu amewinga ndege katika mpunga wetu tangu tuhamie Bugarama kutoka Kamembe, kwa debe, kamba na koo lake. Koo! Katika karne hii. Nimemweleza kwa upole kwamba teknolojia imefika. Ameuliza kama hiyo teknolojia itafanya kazi au italala mchana kama mwenyewe. Wivu.

Teknolojia yenyewe: gari la rimoti, urefu wa mkono, magurudumu kama ya trekta, injini ya kweli inayokunywa mafuta ya nitro na kulia kama msumeno wa kukatia miti. Nimelipata Kamembe kwa binamu yangu Latifu, nikampa televisheni yetu. Umutesi, mke wangu, ana maoni yake juu ya hilo. Nimeyasikia.

Kasoro moja ndogo. Likiwashwa tu, linajisogeza lenyewe kuelekea mfereji. Nimekaza breki. Sasa limetulia. Mambo mengine yanataka mtu anayefikiri.

Jumanne, 4 Juni

Ushindi. Nimesimama kwenye tuta, rimoti mkononi, kama rubani. Gari limenguruma, ndege wameruka wote kwa pamoja na kutua kwa jirani yetu, Mukagatare. Nilimwonea huruma, kwa muda mfupi.

Kisha gari likaanza kuburuta miguu. Harufu ya plastiki. Nikaligeuza, nikagusa tumbo pale giya zinapokaa. Ngozi ya kidole imebaki palepale. Ajabu ni kwamba injini ilikuwa na joto lake la kawaida. Kinachoungua ni giya na shafti. Nimempigia Latifu. Amesema giya zikichemka hivyo, kuna kitu kinazizuia kuzunguka. Nikague kimoja kimoja bila haraka. Nimemsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si desturi yangu. Halafu nimeamua ni grisi.

Gari lilipokuwa linapoa, ndege wamerudi.

Alhamisi, 6 Juni

Nimejaza grisi kwenye sanduku la giya mpaka kifuniko kikakataa kufunga. Kimekubali baadaye, kwa goti. Matokeo: joto zaidi. Grisi imeyeyuka, imetiririka kwenye magurudumu, na gari limekuwa likiteleza kwenye tuta kama dagaa sambaza aliyetoka kwenye wavu.

Mukagatare amemwajiri Uwizeye. Kwa kunikomoa tu, nina hakika. Sasa debe linapigwa upande ule, ndege wote wanakuja upande huu, na wananikuta nimechuchumaa nalipepea gari kwa mfuniko wa sufuria. Mukagatare amepita, amesalimia vizuri sana, ameuliza kama mgonjwa bado ana homa. Yeye na Uwizeye wamecheka kwa muda usiolingana kabisa na utani wenyewe.

Ijumaa, 7 Juni

Baada ya sala nimegundua. Giya mbili, ndogo ya chuma na kubwa ya plastiki, zilikuwa na nafasi kati yake. Uzembe wa kiwanda. Nimezisogeza zikumbatiane. Zimekumbatiana. Ile kubwa imeyeyuka meno yote. Sasa ni sahani. Bahati Latifu alinipa ya akiba. Nimeifunga na kuacha nafasi ya unene wa karatasi, kama alivyosema yeye kwenye simu, ingawa leo wazo ni langu.

Jioni Umutesi amerudi kutoka shambani na masuke ya mpunga mkononi. Hakupiga kelele. Ameyaweka mezani mbele yangu. Nimeyabonyeza. Makapi. Upande wote wa mfereji uko hivyo. Amesema mpunga huu ndio minervali, ada ya shule, ya binti yetu Bella, na Bella hawezi kulipia masomo kwa makapi. Nilitaka kumweleza habari ya grisi. Niseme kweli, niliona aibu, karibu dakika nzima.

Amekaa. Akaweka kidole nyuma ya gari, likiwa limezimwa, akasukuma.

"Papa Bella, hii gari haitembei hata nikiisukuma. Ni nini inaishika?"

Breki. Ile niliyoikaza mimi. Siku zote hizi injini inavuta, breki inakataa, na giya zinaungua katikati kama mtoto wa wazazi wanaogombana. Nimemwambia nilikuwa karibu kufika hapo.

"Sawa," amesema. "Uwizeye anarudi Jumatatu. Nimeshamwomba."

Jumapili, 9 Juni

Uwizeye na Mukagatare wako misani. Uwanja ni wangu. Nimefungua breki yote. Kulegeza kidogo ni kwa watu wasiojiamini.

Gari limekwenda! Baada ya mzunguko wa kwanza nimegusa giya: vuguvugu, kama chai iliyosahaulika. Mgonjwa amepona.

Mzunguko wa pili nilitaka kulisimamisha. Hapo ndipo nilipokumbuka kazi ya breki. Limeingia kwa Mukagatare, limefyeka njia katikati ya mpunga wake, njia iliyonyooka vizuri, lazima niseme, na kutumbukia mferejini likiwa bado linalia. Halafu kimya. Ndege nao walinyamaza kidogo, kwa heshima. Wakaendelea kula.

Jumanne, 11 Juni

Uwizeye yuko kazini tangu jana. Sharti lake ni moja: nisionekane kwenye tuta. Umutesi anasema upande wa barabara utaokoka, na Bella atasoma. Kwangu ameongeza maneno machache tu: niende kwa Mukagatare kuomba radhi.

Nimekwenda. Amenikaribisha barazani, amenipa chai, amesema yamepita. Mama mwenye moyo. Kwa hiyo nimemfungulia siri. Nilipolivua gari mferejini, giya zilikuwa baridi kabisa. Sijapata kuziona baridi hivyo! Breki ilisaidia kidogo, sikatai, lakini dawa ni maji. Latifu ana gari jingine, kubwa zaidi. Mpunga wa Mukagatare unaiva baada ya wetu, muda upo. Nimemwomba shamba lake kwa majaribio.

Ameingia ndani. Nimesikia akiteremsha komeo la mlango. Anataka utulivu afikirie vizuri.

Naandika haya barazani kwake. Nasubiri jibu.