Saini Yangu na Matangi Sita ya Kulanti

Jumatatu, 9 Machi

Nimepoteza saini yangu. Leo, saa moja na dakika arobaini asubuhi, mbele ya madereva sita, chai ikiwa bado mkononi. Miaka kumi na mmoja nimesaini daftari la ukaguzi wa magari ya mikate. Sasa kalamu kapewa fundi mpya, binti mwenye siku kumi na nne kazini!

Kosa langu? Gari namba tatu lilichemka njiani. Daftari linasema kulanti, yale maji ya kijani ya kupozea injini, imefika mstari wa juu wa tangi. Nimeandika mimi, na ndivyo nilivyoona. Fundi akalitikisa tangi. Ule ukijani haukucheza. Akasema hilo ni doa tu kwenye plastiki, kulanti yenyewe ilishakwisha zamani. Dereva mmoja alicheka hadi akakaa chini. Nikawaambia kulanti nzuri hutulia.

Jumanne, 10 Machi

Hesabu hazidanganyi. Mimi gari moja ni sekunde tisa, kwa tochi, bila kugusa kifuniko. Yeye anasubiri injini ipoe, anafungua, anachovya kikaratasi cha kupimia, anatazama kikibadilika rangi, anachungulia kutu. Dakika kumi na mbili! Nimemweleza Bosi. Amekubali tushindane Alhamisi jioni. Atakayekagua vizuri zaidi ndiye atakayesaini.

Mke wangu ameuliza, Baba Watoto, kwani hicho kifuniko kina nini, si ukifungue tu? Yeye ndiye aliyewatangazia dada zake wote wanne kwamba mimi ni mkaguzi mkuu. Nitamwangushaje?

Jumatano, 11 Machi

Nimepata njia! Matangi yote yakijaa mpaka mstari wa juu, jicho langu litakuwa sahihi mara sita kwa sita. Nilingoja magari yarudi na kupoa, nikayajaza mwenyewe. Ndani mna kulanti ya kijani. Stoo nilikuta ya waridi tu. Nikamimina. Mlinzi akaniuliza kama hizo mbili zinapatana. Mlinzi! Nikamwambia alinde geti.

Alhamisi, 12 Machi

Sekunde hamsini na moja! Magari sita, yote mstari wa juu. Nikazima tochi kwa madaha.

Fundi akafungua kifuniko cha kwanza, akachovya kikaratasi. Kikasimama wima. Kulanti imeganda kama uji, rangi ya matope. La pili hivyo hivyo. Yote sita. Akaniambia, shikamoo mzee, hongera, kweli yamejaa. Madereva hoi. Bosi akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuipenda, nani kachanganya. Sikukana. Kazi yangu siifichi.

Kesho mikate itabebwa na magari ya kukodi.

Ijumaa, 13 Machi

Nimesuuza rejeta tangu alfajiri, mpira wa maji mkononi, binti akinielekeza. Viatu vimeloa, kichwa kinafanya kazi. Kuna jambo hakuna aliyelisema: kati ya matangi sita, hata moja halikuwa chini ya mstari!

Nimemwandikia Bosi, nakala hii hapa: Bosi, swali langu ni moja. Jana jioni matangi yalijaa au hayakujaa? Usinizungushe na habari za uji, wala usinitume kwa fundi. Nataka ndiyo au hapana, kwa maandishi, kesho kabla ya saa nne kamili asubuhi.