Leso Juu ya Kioo cha Kompyuta

Jumatatu, 13 Oktoba 2025

Nimedhalilishwa kwa mama mkwe. Mbele ya sahani ya viazi vya karai!

Kisa ni kompyuta ya Mwanamina. Mke wangu hupiga video za harusi, upande wa wanawake tu. Usiku wa kupamba bibi harusi, simu zote zikishakusanywa mlangoni na wanaume tumeshafukuzwa hata barazani, yeye ndiye mwenye kamera. Vichwa wazi, mabega wazi, kina mama wazima wanacheza chakacha. Vyote vimo ndani ya kompyuta yake, na haujapata kuvuja hata unywele mmoja. Malindi nzima wanamuamini. Mimi mumewe sijaona kitu. Chumba chake cha kazi mimi hubisha hodi!

Sasa kompyuta imezeeka. Ukiiwasha unaweza kukuna nazi, ukachuja tui, ukaosha na mbuzi yenyewe, na bado kale kaduara kanazunguka. Na Jumapili hii Hafswa, binti wa jirani, anaondoka na mumewe kwenda Maskati. Mamake anataka video ya kupamba iwe mkononi mwa mtoto kabla hajapanda ndege.

Mama mkwe kasema tusihangaike, Sufyan atakuja Ijumaa kutia SSD. Eti ni diski mpya isiyozunguka, kompyuta itakwenda mbio. Sufyan! Mwanyumba mwenzangu, kamuoa Nahla, mdogo wake Mwanamina. Tangu aitengeneze friji ya mkwe, jina lake ni "mwanangu Sufyan". Mimi niliyemtafutia mkwe huyu huyu kiwanja, tena bila udalali, ni "huyo Mbaruk".

Nikauliza, mwanamume gani huyo wa kugusa kompyuta yenye wake za watu? Mwanamina kanijibu kwamba atakuwa amesimama pale pale, na Sufyan hatofungua picha hata moja. Kwa hivyo Sufyan aingie, mimi nibishe hodi.

Haya. SSD nitaitia mimi.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimenunua diski kwa Tevin, kijana mwenye duka la vifaa vya kompyuta karibu na soko. Ndogo kama kipande cha sabuni ya kuogea. Nyepesi! Nikamuuliza kama imejaa au ni ganda.

Tevin ana maneno mengi. Kasema nifunge hiyo mpya kwa waya, niiandae kwanza, yaani niifute iwe safi, kisha programu yake inakili kila kitu kutoka ile ya zamani. Mwisho nitoe ya zamani, mpya ikae mahali pake. Kaniuliza ndani mna diski ngapi. Nikasema moja, kwani ziwe ngapi? Moyo nao mmoja. Akanisihi nisome kila kitu kwenye kioo kabla sijabonyeza. Tena akarudia. "Mzee wangu, usome lakini."

Mimi! Nimemaliza darasa la nane, nasomea watu hati za viwanja mpaka Kakuyuni, naambiwa nisome na mtoto mwenye suruali iliyochanika magoti!

Alhamisi, 16 Oktoba

Leo nimekuwa fundi. Naandika na mikono bado ina vumbi.

Mwanamina katoka asubuhi kwenda Kakuyuni kupatana bei na watu wa harusi nyingine. Nikaingia chumbani kwake. Hodi nilipiga, kwa mazoea. Nikawasha kompyuta. Nikangoja. Kikatokea kioo kizima kimejaa vijipicha, na kijipicha cha kwanza kilikuwa mkono wa mwanamke, hina mpaka kwenye kiwiko. Astaghfirullah! Nikageukia ukutani.

Hapo ndipo mtu angeanguka. Sufyan angetazama, nina hakika. Mimi nilitoka uani, nikaanua leso ya Mwanamina kwenye kamba, nikakifunika kioo, nikaibana kwa vibanio vya nguo. Niliacha upenyo chini tu, pale penye vitufe vya kubonyeza. Heshima za watu zikawa chini ya leso, na mimi nikawa na dhamiri safi.

Kazi ikaenda vizuri ajabu. Programu ikauliza swali. Swali lenyewe lilikuwa juu, ndani ya leso. Majibu yalikuwa chini, Ndiyo na Hapana. Nikabonyeza Ndiyo. Mtu haendelei kwa Hapana. Ikauliza tena, kwa mlio mkali. Ndiyo! Kufuta kukamalizika kabla sijameza mate. Diski bora hizi!

Kunakili kulichukua muda, nikapata kulala kidogo. Kisha nikafungua boksi lenyewe. Vumbi, buibui, na mayai mawili ya mjusi. Na diski mbili! Tevin hakusema zitakuwa mbili. Nikatoa moja, nikatia mpya, kale kaduara kakazunguka vilevile. Nikairudisha, nikatoa nyingine, nikatia mpya pale. Ikawaka. Mara moja! Sikuwahi hata kukaa kitini.

Mwanamina karudi magharibi, kabonyeza, kioo kikafunguka palepale. Kapiga kigelegele. Kaniita "fundi wangu". Kanipikia samaki wa kupaka. Kampigia mamake simu kwa sauti ya juu ili nisikie. Mama mkwe kauliza, "Nani kaitia? Mbaruk? Mbaruk yupi?"

Sijali. Leo nalala mfalme.

Ijumaa, 17 Oktoba

Mola nisamehe. Nisamehe, kisha nisikilize, maana nimeonewa.

Baada ya sala kaja Sufyan na bisibisi zake ndani ya kijimkoba. Nilimpokea mlangoni kwa furaha. Nikamwambia pole mwanyumba, umechelewa, kazi imeshafanywa na wenyewe. Sijamaliza kumpa pole, nikamsikia Mwanamina ananiita kutoka chumbani, "Baba Rashad! Baba Rashad wee!"

Ile diski ya pili, kubwa, ndiyo ghala lake Mwanamina. Picha zote hukaa humo. Ilikuwa tupu. Kupamba kwa Hafswa, mwezi mzima wa kazi, hakuna. Kadi ya kamera ameshaifuta kwa ajili ya harusi ijayo. Hapakuwa na nakala popote.

Sufyan kaniuliza nilibonyeza nini. Nikasema Ndiyo. Kauliza, Ndiyo kwa swali gani? Nikasema sijui, swali lilikuwa chini ya leso. Kauliza leso gani. Nikamweleza. Kakaa chini sakafuni. Kwanza nilidhani ni huzuni. Kumbe anacheka! Kashika ukuta, machozi yanamtoka, "Mwanyumba, mwanyumba jamani!"

Nani alilinda heshima hapa? Nani aligeukia ukutani? Mwenye kustahi ndiye anayechekwa!

Mwanamina hakucheka. Wala hakupiga kelele. Alikaa mbele ya kile kioo mikono mapajani, akasema polepole, "Mama Hafswa kaniamini mimi. Nimwambie nini?" Ningependa anitupie kiti.

Sufyan, alipomaliza kucheka, kasema vilivyofutwa hivi karibuni huweza kurudi, mradi tusiiguse tena diski. Ila mwenye kurudisha itabidi azione picha, moja moja. Kwa hivyo yeye hayumo. Kachukua bisibisi zake, kaacha laptopu yake hapa ikihitajika, kaenda zake. Mpaka adabu kanishinda. Inaudhi!

Mwanamina kampigia Bridgit, msichana anayetunza kompyuta za hoteli moja kule Bofa, Kilifi. Kaondoka saa ileile, kaipakata ile kompyuta kama mtoto mwenye homa. Nikataka kumbebea mpaka kwenye tuktuk. Kaniambia nisiiguse hata kivuli.

Jioni kapiga simu. Karibu vyote vimerudi! Nikasujudu. Kisha Bridgit akaomba kusema nami. Kaniuliza, "Mzee, na gari nalo huendesha ukiwa umefunika kioo?" Nyuma yake nikasikia watu wanacheka. Jiko zima la hoteli!

Lakini kipande kimoja kimeharibika hakifunguki. Ni pale Mama Hafswa alipoinuka kumchezea bintiye na kumtuza. Kati ya vyote, hicho!

Jumamosi, 18 Oktoba

Mwanamina hasemi uongo, ndiyo shida yake. Nilimpa maneno mazuri ya kusema, kwamba umeme ulipotea. Kakataa. Asubuhi kamwita Mama Hafswa, kamweleza yote na leso yake. Mama Hafswa kaja na wanawake wa mtaa mzima na Hafswa mwenyewe, kasema anataka kuyasikia kwa mdomo wangu.

Nikawekewa kiti barazani. Wao sebuleni, pazia la dirisha limeshushwa. Nikaungama mbele ya pazia la maua, na watu wanapita njiani na baiskeli!

"Sauti hatuisikii! Au nawe umejifunika leso?"

"Mbaruk, miye nilicheza mpaka goti likafura, nawe ukabonyeza Ndiyo?"

"Mwenzenu alikuwa anatusitiri! Katusitiri mpaka tumetoweka!"

Vicheko. Nilikuwa na jibu tayari, kali kabisa, kuhusu wanawake wasio na shukrani. Ndipo nikamsikia Hafswa. Hakupaza sauti. Kasema hakutaka video yote. Alitaka kile kipande cha mamake tu, akitazame kule akimkumbuka, maana mamake kwenye simu huwa hasemi kitu, huuliza umekula kisha hukata.

Lile jibu kali nikaliacha. Nikasema, "Mwanangu, nisamehe. Nimekosa." Nilikuwa nalia. Bahati pazia lilikuwepo.

Mama Hafswa kapenga kamasi kwa nguvu. Kisha kasema, "Nguo yangu ileteni. Mwanamina, shika kamera." Mmoja akauliza ngoma iko wapi. Kajibiwa kuna ndoo.

Nikafukuzwa barazani kwangu! Nikapelekwa mpaka pembe ya njia, juani, na kapu mapajani lina simu zao zote. Nyumbani ndoo inalia, vigelegele vinapasua mabati, na kapuni simu zinalia pia. Waume zao. Wana njaa. Nikapokea moja kwa wema tu. Mume wa mtu kaniuliza mimi ni nani na simu ya mkewe inanihusu nini. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mkewe yuko nyumbani kwangu anacheza. Kuanzia hapo mambo hayakwenda vizuri. Imebidi Sufyan aje azungumze naye.

Jumapili, 19 Oktoba

Hafswa kaondoka na video yake. Mwanamina hakulala, kaimaliza alfajiri. Kasema, kwa mdomo wake, kwamba Mama Hafswa safari hii kacheza vizuri kuliko mara ya kwanza, na kwamba alipomtuza bintiye walilia hata wapiga ndoo. Sasa tupige hesabu kwa haki. Nani kasababisha video iwe bora? Nangoja mtu anishukuru. Hakuna. Mama mkwe kaulizia Sufyan tu, kama jua la jana halikumuumiza kichwa. Kichwa chake yeye!

Lakini nimetubu. Baada ya magharibi nimemuapia Mwanamina kwamba kompyuta yake sitaigusa tena maisha yangu. Kaniangalia sana. Kanimiminia chai. Nadhani tumepatana. Nimekaa peke yangu nikalitafuta kosa langu kwa moyo mweupe, nikalipata. Kosa lilikuwa leso. Leso huziba maandishi.

Na Sufyan, lazima nikiri, kanifanyia wema mara mbili wiki hii, na mimi si mtu wa kula wema wa watu bure. Laptopu yake bado iko hapa. Nimeiwasha. Nzito, masikini! Imejaa picha za Nahla na watoto. Sufyan kenda Mombasa kuwasindikiza maharusi uwanja wa ndege, harudi mpaka kesho, na Mwanamina analipa usingizi wake. Nimeshamwamsha Tevin kafungua duka, nina SSD nyingine mfukoni. Akirudi ataikuta inakwenda kama risasi. Hatoamini!

Shemeji yangu ni mtu wa kustahiwa, picha zake sitazitazama. Lakini kioo sikifuniki tena, nimeshajifunza.

Nitafumba macho.