Nilivyoiponda Kompyuta ya Bei Moja

Jumatatu, 3 Machi

Nimeiona. Iko dirishani kwa yule mwenye duka tunayemwita Bei Moja, kwa kuwa hajawahi kumpunguzia mtu hata senti. Nyembamba, rangi ya majivu. Nimeomba kuishika tu. Kifuniko kinafunguka kwa kidole kimoja na sehemu ya chini haitikisiki. Haina feni, kwa hiyo haina kelele. Yangu ya zamani ikiwaka, wateja wangu wa mapazia hudhani cherehani imepandwa na jini. Na vibonye vyake! Vinabonyea kidogo tu, kama mtu anayekuitikia kwa adabu. Aliyetengeneza kitu hiki alimpenda mtu asiyemjua.

Nimemweleza mke wangu. Yeye ni muuguzi, hababaiki ovyo. Amesema bei ikishuka kwa robo, ninunue. Isiposhuka, nisimtajie tena.

Jumanne, 4 Machi

Mpango umepatikana. Bei hupandishwa na wanunuzi. Wakikosekana, hushuka yenyewe. Kwa hiyo nitashinda pale dukani na kuiponda kompyuta ile mbele ya kila atakayeisogelea. Ziko nne. Zikikaa bila kuguswa, Bei Moja atalegea. Ajabu hakuna aliyewahi kuliwaza jambo hili.

Jumatano, 5 Machi

Nimefunga karakana mapema. Dukani nimemkuta mwalimu mmoja akiigeuzageuza. Nikamwambia kwa huzuni kwamba ina kasoro: matundu ya kuchomeka waya ni mawili tu. Akasema hana cha kuchomeka. Nikamwambia kwamba ukitaka yenye nafasi kubwa ya kuhifadhi mafaili, wanakutoza bei ya wizi. Ni sawa na kuuziwa nyumba kwa bei nzuri, halafu kabati kwa bei ya nyumba. Hilo lilimwingia. Akaanza kuirudisha.

Hapo ndipo ningepaswa kunyamaza. Lakini aliirudisha kwa dharau, kwa vidole viwili, kama soksi ya mtu. Ikaniuma. Nikamwambia, ila hii yenye nafasi ndogo inakutosha kabisa, mwalimu, na kwa betri yake utasahihisha kutwa nzima bila kutafuta umeme. Nikamwonyesha mwanga wa kioo unavyojipunguza wenyewe ili macho yasichoke.

Ameinunua. Kachukua na namba yangu ya simu, endapo atakwama.

Ijumaa, 7 Machi

Leo nilikwenda na msimamo. Nisifungue mdomo, nitikise kichwa tu.

Wakaja mume na mke wanaouza maua. Mke akasema bei ni kubwa mno. Maneno niliyoyangoja wiki nzima! Kazi yangu ilikuwa kuitikia tu. Lakini ni uongo, na mimi sikulelewa hivyo. Nikaomba kikokotoo cha dukani, nikaigawa bei kwa miaka itakayodumu, kisha nikamfanyia hesabu hiyohiyo ya zile za bei poa zinazokufa kabla waranti haijaisha. Rahisi ni ghali, nikamwambia, waliosema hivyo walikuwa wamenunua kompyuta ya bei poa. Mume akacheka. Mke akafungua mkoba.

Niligeuka nikakuta Bei Moja ameniletea kiti na soda baridi. Wakati natoka nikamwona akibandika karatasi mpya dirishani. Ameongeza bei.

"Mzigo unatembea, fundi," akasema. "Hata sijui kwa nini."

Jumapili, 9 Machi

Shemeji kaja kula mchana. Ni kaka yake mke wangu, mpima ardhi, na tangu nimwoe dada yake amenishinda kwa kila jambo isipokuwa moja: kushindwa. Kaweka mfuko mezani. Nilijua kabla hajaufungua. Amesema muuza maua mmoja alimweleza habari zote, naye muuza maua alielezwa na bingwa fulani anayekaa kwenye kiti pale dukani. Ameniomba nimwandalie hiyo kompyuta.

Nilikubali kwa nia mbaya. Nilikusudia herufi ziwe ndogo kama chawa na mshale uende kwa kujivuta. Kioo kikawaka. Rangi zile! Nikasahau nia yangu. Nikampangia ramani zake zote kwenye mafolda, nikazikuza herufi kwa sababu macho yake yameanza kuchoka ingawa hasemi. Nikafungua ramani ya bonde zima, ile ambayo mashine yake ya ofisini huifungua huku yeye akienda kunywa chai. Ilifunguka mara moja. Kila mpaka, kila kisima.

Shemeji aliinama, akaufuata mpaka mmoja kwa kidole. Kisha akasema, "Shemeji, mimi nimenunua kompyuta. Lakini wewe ndiye unayeijua."

Miaka yote, hajawahi kunipa neno kama hilo. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo, ananitazama. Kaka yake alipoondoka akaniwekea pesa mkononi.

"Kesho kachukue yako. Bei yoyote ile."

Jumatatu, 10 Machi

Imebaki moja. Bei Moja ameitoa kwenye boksi mwenyewe, akaifuta kwa shati lake. Kisha akafanya jambo ambalo mtaa huu haujapata kuliona: akanirudishia bei ya mwanzo, kama ahsante. Mkono wangu ulikuwa tayari mfukoni.

Katika kunifungia akataja, kwa maongezi tu, kwamba mwezi ujao linakuja toleo jipya, na hili litashuka bei.

Nikamuuliza litashuka kiasi gani. Akasema kidogo.

Nikautoa mkono mfukoni, mtupu. Nani anunue leo kitu kitakachoshuka kesho? Nimemwambia nitangoja. Akasema hawezi kumwekea mtu. Hakuna shida, nitakaa palepale kwenye kiti changu, niiponde mpaka mwezi uishe.

Mke wangu ameuliza kompyuta iko wapi. Nimemfafanulia hatua kwa hatua. Amenisikiliza mpaka mwisho, akachukua mkoba, akasema anakwenda kwa mama yake.

Nimemwomba, kama kuna mtu kule kwao anayetaka kununua, amwambie asubiri.