Biti za Baba na Cherehani ya Wifi

Jumatatu, 3 Machi

Wifi ameingia karakana ya Baba na futi ya kushonea shingoni. Kapima dirisha. Kapima ukuta. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya asali, kama cherehani yake haitapendeza pale penye meza ya vyuma. Cherehani! Tangu mikono ya Baba ianze kutetemeka hakuna aliyeshika nyundo humo, na leo mezani Baba ametangaza kwamba chumba kisicho na kazi ni cha panya. Nikaropoka kwamba kazi ipo: nitafunga bawaba za geti lililong'oka kufikia Jumamosi. Kaka alicheka mpaka akapaliwa. Baba hakucheka. Alisema haya, geti likisimama, karakana ni yangu. Lisiposimama, wifi alete cherehani yake.

Najuta kuropoka. Sijuti sana.

Jumanne, 4 Machi

Biti za drili, zile ncha za kutobolea, zote butu, kama meno ya ajuza. Baba amejitolea kunionyesha namna ya kuzinoa. Nimekataa kwa adabu: apumzike, mzee wangu. Ukweli ni kwamba nataka aingie akute kazi imekwisha, akose la kusema. Jiometri nimeisoma! Nimechagua biti nzuri kuliko zote, nene, yenye kijibapa kichwani, nikachora umbo lake kwenye kadibodi liwe kipimo. Nyingine zote zitafanana nayo.

Alhamisi, 6 Machi

Nimenoa. Cheche! Jiwe la umeme linazunguka, na moyo wangu nao. Biti zimetoka kama mapacha. Nilizipanga kwa ukubwa, nikazitazama kuliko inavyostahili.

Jioni nikajaribu bawaba. Biti ikalia. Moshi. Chuma kikang'aa, tundu hakuna. Nikabadilisha biti, nikabadilisha tena. Wifi akachungulia mlangoni, akauliza kama chuma ninakitoboa au ninakibembeleza kilale. Nikamjibu kwamba chuma cha siku hizi ni kigumu.

Nilisema hivyo. Kwa kinywa changu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemwambia Baba. Aligeuza biti moja moja kiganjani. Kisha akaomba kuona ile niliyoiiga. Akasema taratibu: mwanangu, hii ni ya ukuta. Kazi yake kuponda saruji, si kukata chuma. Basi nimezinoa zote ziwe nyundo! Zile alizozitunza tangu sijazaliwa. Heri angenigombeza. Alisema tu kwamba chuma hakina kinyongo. Mimi ninacho, na ni juu yangu mwenyewe.

Imesalia moja, ilikuwa imesahaulika ndani ya sanduku la drili. Aliweka mikono yake juu ya yangu. Gusa jiwe, chovya maji. Gusa, chovya. Sijui nani alimtuliza nani, ila hatukutetemeka. Tundu la kwanza likapita, chuma kikajikunja kama ganda la chungwa. Kidogo nilie. Yaliyobaki ni ya kesho. Ameniomba biti niiache ilivyo. Nimeahidi.

Jumamosi, 8 Machi

Asubuhi, kwenye mwanga, niliona upande mmoja umezidi mwingine. Unywele tu. Nani mwenye akili angeuacha? Nikaugusisha kwenye jiwe. Kopo la maji lilikuwa nje, na kazi yenyewe ilikuwa ndogo mno kuchovya. Upande wa pili ukazidi. Nikausawazisha. Wa kwanza ukazidi. Ncha ikageuka buluu kwa joto, rangi nzuri kwa kweli. Kwenye bawaba ikaisha kama chaki.

Mchana kaka ameingiza cherehani. Baba alikuwa uani, akanisogezea kiti kando yake, asiulize chochote. Afadhali angeuliza.

Baadaye nimemsaidia wifi kupanga vitambaa. Amenishukuru kwa moyo mweupe, na hilo limeniuma kuliko kejeli zake zote. Analalamika mkasi wake mkubwa haukati, atampelekea fundi. Nimemkatalia katakata. Fundi wa nini, na mimi nipo? Mkasi una makali mawili tu. Hapo hata nikitaka kukosea, siwezi.