Televizyo yangu ilimuvalisha Padri violet

Bandugu, leo uso wangu sijui niufiche wapi.

Mama mukwe wangu iko kwetu hapa Vulamba, mu Butembo, ametoka Luofu. Mutoto wake, Padri Mumbere, leo alisoma misa yake ya kwanza kule Beni, na bakasema itapita direct, saa ileile, ku televizyo. Mama magoti yanamuuma, barabara ya Beni hakuiweza. Donc tumaini lake lote lilikuwa ku televizyo yangu.

Na televizyo yangu ilikuwa na sauti tu. Picha hapana.

Mimi niko na atelier ya kutengeneza mashini (atelier ni neno kubwa, ni meza moja na fer à souder ya kuunganisha waya). Asubuhi nikaifungua mbele ya mama, yeye anasali rozari yake, macho ku mikono yangu. Nyuma ya kioo kuna taa ndogo ndogo za LED, zinafuatana ku mustari. Moja ikikufa, zote zinazimika. Za aina ile hapa Butembo nimetafuta mpaka nimechoka. Mais munande, mutu wa huku kwetu, hakosi njia! Nikafungua lampe solaire, taa za jua, za zamani, nikatoa LED zao, nikapima, nikabadilisha mustari muzima ili isikuwe viraka.

Nikawasha. Picha hiyo. Mama akapiga makofi.

"Wasingya, aksanti, mukwe wangu. Uko na akili ya bazungu na mikono ya kwetu."

Nilivimba. (Niliona kila kitu kiko bleu-bleu kidogo. Nikajiambia, bleu nayo ni rangi.)

Mama akaita bamama ba chorale, baimbaji ba kanisa ba hapa jirani, salon ya nyumba ikajaa. Misa ikaanza, Padri akaingia. Mama akamuita mutoto wake, bibi yangu.

"Kavira, nani amekufa?"

"Kwa nini, mama?"

"Angalia mudogo wako. Amevaa violet, na sasa hapana Kwaresima. Hii ni misa ya matanga."

Tukaangalia. Kweli, violet, zambarau ya matanga. Kitambaa cha altare, violet. Chorale yote, violet. Bamama bakaanza kutikisa kichwa, moja akasema, "Maskini, hata batoto bamevalishwa."

Mimi nilijua palepale. Ni LED zangu. Mais nitasema namna gani, makofi bado yanalia mu masikio? Halafu mama mukwe hakatiwi maneno. Nikaangalia chini sawa mutu anayesali. (Na kweli nilisali.)

Mama hakungojea. "Mutoto wangu hataanza upadri na nguo ya wafu." Akashika simu, akamuita sacristain wa kule, anayevalisha bapadri, mutoto wa mudogo wake. Mungu wangu, tukasikia simu inalia mu televizyo! Padri anasali, simu inalia. Kijana akatoka mbio karibu na altare, anashika mufuko.

"Mama mukubwa, iko nini?"

"Ambia Padri abadilishe nguo. Avae nyeupe."

"Amevaa nyeupe."

"Mimi ninaona violet."

"Mama mukubwa, nimemuvalisha mimi mwenyewe. Nyeupe pe, sawa maziwa. Hiyo televizyo nani ameitengeneza?"

Simu ilikuwa ku haut-parleur, bote banasikia. Bamama bote bakanigeukia.

"Mama," nikasema, "ni LED. Nilizitoa ku lampe solaire, mwanga wao unageuza nyeupe kuwa violet."

Mama akaniangalia, akaangalia televizyo, kisha akacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka. Bamama nabo bakaanza kunicheka, lakini yeye akabanyamazisha.

"Mumuache mukwe wangu. Asubuhi nilikuwa na sauti ya mutoto wangu tu. Sasa niko na uso wake. Rangi nitajiwekea mimi mwenyewe."

Akaangalia misa mpaka mwisho, machozi yanatoka, na kila mara alisema "nyeupe ile inamukaa muzuri." Ule mama, Mungu amulinde. Mimi na soni yangu nililia pia.

Kisha nikamuambia kesho nitatafuta LED za rangi ya kweli. Akakataa.

"Iache vile, mukwe wangu. Kwaresima ikifika, televizyo yako itakuwa tayari mbele ya zote."