Ombi la Kulegezewa Uzito wa Nyukleoni

Matombo, Morogoro
19 Agosti 1991

Kwa Mkuu wa Idara ya Fizikia,
Chuo anakosoma mpwa wangu Lukasi.

Ndugu Profesa,

Shikamoo, kama umenizidi umri. Kama sivyo, naisubiri ya kwako. Sisi huku milimani hatujambo, ila tuna harusi isiyoisha kuahirishwa, na chanzo chake ni idara yako, ingawa najua hamkukusudia. Lukasi ni mtoto wa dada yangu Eufrazia. Kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye shughuli, kwa hiyo aibu yote imeniangukia mimi.

Kijana alikuja likizo kumwoa Paskalia. Akaja na mkoba wa karatasi, akasema anamalizia hesabu moja tu. Nimeelezwa hesabu hiyo mara nyingi hata sasa naweza kuihubiri. Ndani ya kila kitu, hata ndizi, mna punje ndogo mno iitwayo nyukleoni. Ndani ya punje mna kwaki tatu, zimefungiwa kama kwenye gunia. Kwaki zenyewe ni nyepesi ajabu. Uzito karibu wote unatokana na purukushani zao humo ndani. Kwa kuwa hakuna awezaye kufuatilia purukushani zote, wataalamu huyachukua yale wasiyoyafikia, wakayafunga furushi moja, wakalibandika namba, kisha wakakokotoa yaliyobaki. Nilifurahi kusikia hivyo, maana ndivyo ninavyoendesha kamati ya harusi.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Lukasi ameapa mbele ya Padri kwamba haoi mpaka jibu litoke. Jibu linalotakiwa ni 939, kwa kipimo chenu chenye jina refu kama treni ya mizigo. Yeye alianza na 1,300. Akakumbuka kwamba gunia limezungukwa na wingu la chembe ziitwazo pioni, akaliingiza, ikashuka hadi 1,130. Tulipiga vigelegele nyumba nzima. Tangu siku hiyo haishuki, hata kwa sala.

2. Pombe imepikwa mara mbili. Ya kwanza ilichacha. Ya pili ilinywewa na wakwe waliokuja kuuliza tarehe, wakaondoka bila tarehe, wakiimba.

3. Mzee Tomasi, baba yake Paskalia, amenipa wiki mbili. Baada ya hapo binti ataolewa na Geofrey, mwenye duka la mitumba mjini, ambaye hajawahi kukokotoa lolote na afya yake ni njema.

4. Hapa ndipo penye hoja yenyewe. Profesa, nawe unaishi nchi hii. Unakumbuka sukari ilivyokuwa na bei ya serikali, na sukari yenyewe haionekani? Saruji vile vile, na khanga. Leo bei zimeachiwa, kila kitu ruksa, na maduka yamejaa sabuni za rangi ambazo hatukujua kwamba tunazihitaji. Nyukleoni peke yake imebaki na 939 ile ile! Nani aliipanga? Tuliulizwa lini? Na kama sukari imeachiwa, nyukleoni iliyomo ndani ya sukari inabanwa kwa sheria gani?

5. Napendekeza kila mkoa uwe na nyukleoni yake. Morogoro ikipewa 1,130 hatutadai zaidi. Mkihofu kwamba vitu vyote vitaongezeka uzito, ni kweli, kwa kama moja ya tano, lakini sisi tumezoea kuteremka mlima na mikungu ya ndizi kichwani. Hiyo ziada tutaibeba kwa furaha hadi kanisani. Watu wa Kingolwira, huko chini, wanaishi tambarare, wasitusumbue kwa kulalamikia uzito.

6. Ikishindikana, basi iwe kwa muda tu, kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumapili baada ya misa ya pili. Kijana aoe, kisha muirudishe.

Profesa, naandika huku nacheka, lakini moyo hauko kwenye kicheko. Jana nilimkuta Paskalia kwa dada yangu, anapepeta mchele wa harusi. Mchele huo umekwisha kupepetwa mara tatu, hauna hata chuya moja. Aliendelea tu kupepeta. Nilimhurumia sana binti yule, nikaenda kutafuta kalamu.

Nisalimie walimu wote, wapishi wa bwalo, mlinzi wa getini, na yule anayewapimia nyukleoni, kama bado yuko kazini.

Ndimi, kwa unyenyekevu na haraka,
Yakobo,
Mjomba wa bwana harusi mtarajiwa

N.B. Nilikuwa sijabandika stempu. Paskalia, ambaye kazi yake ni kupima kahawa ya wakulima, ameweka ungo chini na kumuuliza Lukasi jambo moja: gunia lako unalipima limetulia, au linabembea kwenye ndoano? Maana gunia linalobembea hudanganya mizani. Lukasi alishika kichwa. Kumbe muda wote gunia zima lilikuwa linayumba ndani ya hesabu yake, na mwendo huo ameuhesabu kuwa uzito! Ameutoa, amepata 941, na anasema kwa watu waungwana hiyo ni 939. Harusi ni Jumamosi hii. Kwa hiyo nakusihi, Profesa, msiiguse nyukleoni. Kama mmekwisha kuiachia, ikamateni popote ilipofika, muirudishe kwenye 939 kabla ya Jumamosi, maana Lukasi akisikia imebadilika, ataanza upya.