Siku Niliyowapumzisha Akina Mama wa Kanazi

Jumatatu, 9 Juni 2025

Nimeshtuka! Nina miaka arobaini na minne na sijawahi kupumzika hata siku moja. Aliyenifumbua macho ni Anneth, mwenye saluni kule Runazi, Biharamulo. Nimemsikiliza kwenye video ya simu huku nashona sare za shule. Anasema mwanamke asiyejitunza hugeuka kiti cha nyumbani, kila mtu anamkalia na hakuna anayemuuliza kama amechoka. Nikasimamisha cherehani. Nikajitazama. Kiti kabisa.

Papo hapo nikapata mpango. Mwenyekiti wa kikundi chetu cha akina mama amehamia kwa binti yake, na Jumapili tunachagua mwingine. Atakayeshinda ataenda Bukoba kusomea uongozi miezi miwili. Kusoma! Nilipofaulu kidato cha nne chuo cha ualimu kiliniita. Nikaolewa. Barua ya chuo ninayo mpaka leo, sandukuni, chini ya kitenge cha harusi.

Mpinzani wangu ni Domisiana, muuza maharage. Hakumaliza hata la saba. Sifa yake ni moja tu: anacheka vizuri.

Kwa hiyo Jumamosi itakuwa Siku ya Mwanamke Kupumzika, kwenye uwanja wa shule. Mgeni rasmi, Anneth; nimempigia, amekubali. Mwandaaji, Auleria, yaani mimi. Ratiba ina vipengele kumi na vinne. Watapumzika mpaka wanichague.

Jumanne, 10 Juni

Nimezunguka nyumba kwa nyumba kuandikisha. Sharti langu: kila mmoja ataje jina lake mwenyewe, si Mama Fulani. Anneth anasema mtu ni mtu kabla hajawa mama wa mtu.

Sikujua ingekuwa kazi. Wengine walicheka, wengine wakaona haya. Kwa Bibi Agripina ndiyo nikakwama kabisa. Nilimkuta anapalilia migomba. Shikamoo, marahaba, nikamwuliza jina. Akasema niandike Mama Niyomugabo. Nikamwambia hapana Bibi, la kwako. Akaegemea jembe, akatazama chini muda mrefu hata nikadhani ameshikwa na kizunguzungu.

“Agripina,” akasema.

Kisha akalirudia kwa sauti kubwa zaidi. Kisha akamwita mkwewe atoke jikoni aje asikie. Mkwewe akasema miaka kumi na tano yuko boma lile, hakuwahi kulijua. Wote wawili wakaanza kulia, na mimi nimeshika kalamu. Nusu saa nzima imepotea! Kwa mwendo huu kampeni itanishinda.

Domisiana aliuliza huko uwanjani tutafanya nini. Nikamwambia tutapumzika. Nikamsomea ratiba. Alicheka mpaka akashika mgomba asianguke. Akasema atakuja na mkeka.

Jumatano, 11 Juni

Nimemwarifu mume wangu kwamba Jumamosi atapika yeye. Ndayisaba alinitazama kama mtu aliyeambiwa ng'ombe wameibwa. Akauliza chumvi inakaa wapi. Miaka ishirini na miwili katika nyumba hii! Nikamwonyesha kopo. Limeandikwa CHUMVI. Akasema alidhani ni jina la kopo.

Kisha akaniuliza kwa upole kama ninaumwa. Kumbe wanaume wote ndivyo wanavyowauliza wake zao. Mchana kijiji kizima kimejua kuna wanawake ishirini na sita wanaotaka kulala mchana kwa pamoja. Muuguzi wa zahanati amekuja mbio na pikipiki kuniuliza dalili zilianza lini.

Nimemweleza habari za kujitunza. Ameandika kitu kwenye daftari lake. Hakunionyesha.

Ijumaa, 13 Juni

Mgongo! Tangu jana nimeteka ndoo kumi na tatu, nimechemsha maharage, nimemenya ndizi mikungu minne, nimefagia uwanja, nimeshona bango la mita tatu. Limeandikwa MWANAMKE, TUA MZIGO. Nimelibeba kichwani mpaka shuleni, pamoja na sufuria mbili.

Wenzangu waliomba kunisaidia. Nimekataa. Wakisaidia watadai na wao ni waandaaji.

Ndayisaba amenikuta nashindwa kuinama kuvua viatu. Amesema, “Mama Frednand, kupumzika huku kutakuua.”

Nimemjibu kwamba naitwa Auleria.

Jumamosi, 14 Juni

Sijui nianzie wapi.

Anneth alifika saa nne, mwekundu kwa vumbi kuanzia kope mpaka viatu. Alikuwa ameondoka Runazi alfajiri, basi likaharibika, pikipiki mbili zikapokezana kumleta. Nikamwambia tumechelewa vipengele vitatu. Nikapuliza filimbi.

Kipengele cha kwanza, kuvuta pumzi. Cha pili, kunyoosha shingo. Cha tatu, kufumba macho dakika kumi. Filimbi baada ya filimbi. Mambo yanakwenda vizuri, akina mama wanatii, naona kabisa kura zinakuja.

Mara nikasikia mkoromo.

Domisiana! Ametandika mkeka chini ya mikaratusi, amejilaza chali, kanga usoni. Mbele ya mgeni rasmi! Nilimwamsha. Akaniomba radhi, akageukia upande wa pili, akaendelea. Nikamwamsha tena. Nikiwa huko, Bibi Agripina akasogea, akavua kandambili, akalala pembeni yake. Mkwewe akafuata. Kisha watatu. Kisha kumi. Nilipuliza filimbi mpaka shavu likauma.

Nikamgeukia Anneth aokoe hali kwa hotuba yake. Kiti kitupu. Alikuwa katikati ya Agripina na mkwewe, miguu mitupu, mdomo wazi, amelala fofofo.

Nikabaki nimesimama peke yangu uwanjani. Ningefanya nini? Ratiba ni ratiba. Nikasoma hotuba yangu yote kwa watu waliolala, kipengele cha nne mpaka cha kumi na nne.

Waliamka saa nane. Nyuso zao zilikuwa nyingine. Walikula, wakaimba, Agripina akacheza mpaka kilemba kikadondoka, na kila aliyemshangilia alimwita kwa jina lake. Mmoja akasimama akasema tangu aolewe hajapata siku kama hii. Akaomba tumpigie makofi aliyetufundisha kupumzika.

Nikasimama. Nikarekebisha kitenge.

“Domisiana!” wakasema wote.

Nilitaka kupinga. Nakumbuka nimefungua mdomo. Nilipozinduka kichwa changu kilikuwa kwenye mapaja ya Domisiana, ananipepea kwa ratiba, na Anneth ananipa maji. Wanasema nilizimia dakika mbili. Dakika mbili hizo ndizo nilizopumzika mimi.

Jumapili, 15 Juni

Uchaguzi, darasani. Domisiana ishirini na tatu. Mimi watatu. Nimo mwenyewe humo. Nimeshindwa na mtu aliyelala!

Nilikuwa natafuta mlango nitoke bila kuonekana, Domisiana akaomba kusema. Alikuwa hacheki. Akasema uenyekiti ameupokea, ila Bukoba hawezi kwenda. Barua ya mafunzo tuliyogawiwa wagombea imekuwa mikononi mwake tangu asubuhi, anaona herufi tu. Akasema hajawahi kulisema jambo hilo hadharani.

“Aende Auleria,” akasema. “Sisi tulilala, lakini yeye ndiye aliyekuja majumbani kutuuliza sisi ni akina nani. Asome, arudi atufundishe. Na mimi anifundishe hizi herufi.”

Bibi Agripina alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Mikono yote ikanyooshwa.

Sikuamini. Bado siamini. Nilitoka bila viatu, nikaenda nyuma ya darasa, nikalia kama mtoto. Ndayisaba alinikuta huko. Hakuuliza kama ninaumwa. Alisimama tu karibu, amenishikia viatu.

Domisiana ametoa sharti moja: mpaka siku ya safari, wiki nzima, nisiguse kazi. Akina mama watapokezana kuleta maji na kuni. Nimeapa mbele ya wote.

Jumanne, 17 Juni

Siku ya pili ya mapumziko yangu. Jana niliyaendesha kienyeji na yakanipotezea muda mwingi. Leo nimeamka saa kumi na moja alfajiri ili nipumzike mapema nimalize.

Mpaka saa tatu nilikuwa nimepumzika yote ya leo na nusu ya kesho. Nafasi iliyobaki nimeitumia kuandika hotuba nitakayotoa nikirudi kutoka Bukoba, ya kumwondoa Domisiana kwenye kiti. Ina kurasa kumi na moja. Nitamfundisha kusoma kwanza, kama alivyoomba, ili aisome mwenyewe.